Sura ya Saba: Gari Linalolala Nyuma

Swali ambalo wenye magari madogo yanayovuta kwa magurudumu yote manne huliuliza mara kwa mara, wawe wamesimama mbele ya gereji ya Mlandizi au wamekaa barazani Mzenga wakingoja mvua ipungue, ni hili: gari langu nikilipakia linalala nyuma, matako yanagusa chini kila penye shimo, je, nifunge springi gani?

Jibu ambalo muuza spea hulitoa kabla muulizaji hajamaliza maneno yake ni "weka ngumu zaidi", na jibu hilo, ijapokuwa halikosi chembe ya ukweli, limewaingiza watu wengi katika gharama na mashaka: gari lililokuwa laini huanza kurusha abiria kama mbegu ndani ya kibuyu, shokapu hufa kabla ya wakati wake, na siku mwenyewe akipakia mzigo wake wa kweli huona kuwa gari bado linalala, tena kwa kiasi kilekile kilichomsikitisha zamani. Makusudi ya sura hii ni kuonyesha kwamba springi haichaguliwi kwa kulitazama gari, bali kwa kuupima mzigo ambao gari hilo huuchukua katika siku zake nyingi. Na kwamba vipimo vyenyewe vinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye futi ya fundi, kalamu, na madumu machache ya maji.

Gari la Japani katika njia ya Mzenga

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, nayo hupakana kwa mwendo na maisha na upande wa Kibaha, kwa kuwa njia itokayo Mlandizi, penye barabara kuu ya kwenda Morogoro, hupita huko ikielekea Maneromango. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina kituo hapo Mzenga; lakini treni humshusha mtu kituoni, haimfikishi shambani, na baina ya kituo na shamba kuna mchanga unaomeza tairi wakati wa kiangazi, na mabonde ya udongo mweusi ambao masika yakishuka kuanzia Machi hadi Mei hugeuka utelezi usiojali cheo cha dereva.

Katika nchi ya namna hiyo gari dogo la foo-wili ni neema. Aghalabu utaona Suzuki Escudo, Suzuki Jimny, Daihatsu Terios, Toyota RAV4 ya zamani, na mara mojamoja Samurai mzee ambaye bado anakataa kustaafu. Karibu yote yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na hapa ndipo asili ya tatizo letu ilipo. Jimny ya injini ndogo, mathalan, ilitengenezwa kuingia katika daraja la magari madogo la sheria ya Japani, ambalo tangu mwaka 1990 haliruhusu injini kupita sentimita za ujazo 660. Na mhandisi aliyeichagulia springi alimfikiria dereva, mwenzake mmoja, na vifurushi vya sokoni, wakipita juu ya lami. Hakumfikiria mwalimu atokaye Mlandizi siku ya Ijumaa na mifuko miwili ya saruji, viroba vya unga, shemeji wawili na mtoto mmoja wa jirani aliyeomba lifti, wala hakuyafikiria magunia ya mihogo na korosho yanayorudi naye mjini Jumapili jioni.

Hivyo basi gari linapolala nyuma si lazima liwe na ugonjwa. Huenda linatenda kwa uaminifu lile lililofunzwa kulitenda, ila limepewa mzigo mwingine. Na huenda pia springi zake zimechoka kweli, kwa sababu chuma kilichobonyezwa na kuachiliwa mara mamilioni kwa muda wa miaka ishirini au thelathini hupungua urefu wake. Kazi ya kwanza ya mwenye gari ni kupambanua mambo haya mawili, maana dawa zake si moja.

Kazi ya springi na kazi ya shokapu

Springi ni chuma chenye sulubu kilichofanywa kibonyee kinapolemewa na kirudi kinapoachiliwa. Ndiyo inayoubeba uzito wa bodi, abiria na mzigo, na kuuweka mbali na ekseli, ule mhimili unaoyashika magurudumu mawili ya nyuma na ambao katikati yake mna difu, kasha la meno linalogawa nguvu ya injini kulia na kushoto.

Shokapu ni kitu kingine kabisa. Ni bomba lenye mafuta ndani yake na pistoni inayopita kwa taabu katika mafuta hayo, na kazi yake ni kuuzuia mtikisiko usiendelee. Springi peke yake, ikibonyea katika shimo, ingeendelea kupanda na kushuka mara nyingi baada ya shimo kupitwa. Shokapu huikamata na kuituliza. Madhali shokapu za kawaida za mafuta hazibebi uzito, mtu anayebadilisha shokapu kwa matumaini kwamba gari lililolala litanyanyuka ametumia fedha yake vibaya, hata kama shokapu alizozitoa zilikuwa zimekufa na zilistahili kutupwa.

Sheria ya springi iliandikwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, nayo ni nyepesi kuliko sheria nyingi za wanadamu: kila uzito ulio sawa huleta kubonyea kuliko sawa. Kilo 20 zikiibonyeza springi sentimita moja, kilo 40 zitaibonyeza sentimita mbili, na kilo 60 sentimita tatu, mpaka ifike mwisho wa mwendo wake. Idadi hiyo ya kilo kwa kila sentimita ndiyo inayoitwa ugumu wa springi. Katika sura hii neno "ngumu" halina maana nyingine. Wala lisichanganywe na "ndefu", kwa kuwa springi yaweza kuwa ndefu na laini, au fupi na ngumu, na kuchanganya sifa hizi mbili ndiko kunakozaa nusu ya makosa ya dukani.

Mtu huliona gari ni raha pale bodi inapopanda na kushuka mara moja, au mara moja na nusu, kwa kila sekunde, jambo ambalo halishangazi, kwa sababu ndio mwendo ambao mwili wetu umeuzoea tunapotembea kwa miguu. Springi ikizidi ugumu kuliko uzito ulio juu yake, mtikisiko huwa wa haraka na mfupi, na kichwa, shingo na mayai yaliyomo kapuni hupata habari.

*Kwa ufupi:* springi hubeba, shokapu hutuliza. Ugumu ni kilo kwa sentimita. Urefu ni jambo la pili, lisilofuata la kwanza.

Koili na mabapa

Magari yetu madogo yana springi za nyuma za namna mbili. Ya kwanza ni mabapa, yaani vyuma vipana vyembamba vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kwa kifupi, vikabanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Hivi ndivyo ilivyokuwa Land Rover tangu kuzaliwa kwake mwaka 1948, na Samurai, na hadi leo zile Suzuki Carry tunazoziita Kirikuu. Ya pili ni koili, fimbo ya chuma iliyosokotwa duara juu ya duara. Escudo ilitoka nayo nyuma tangu mwaka 1988; Jimny iliacha mabapa ikachukua koili mwaka 1995.

Mabapa yana fadhila yake: huishika ekseli mahali pake bila fimbo nyingine, na kusuguana kwake yenyewe kwa yenyewe husaidia kidogo kutuliza mtikisiko. Koili ni laini na nyepesi, lakini haiwezi kuishika ekseli, kwa hiyo huhitaji mikono ya chuma yenye bushi, ile mipira inayokaa kwenye maungio, kuizuia isiende mbele, nyuma wala pembeni.

Jambo ambalo wachache hulitambua ni jinsi unene mdogo wa chuma unavyogeuza mambo. Katika koili, ugumu hukua kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Weka koili mbili zilizo sawa kwa upana wa duara na kwa idadi ya mizunguko, moja ikiwa na waya wa milimita 12 na nyingine milimita 13. Jicho halitaona tafauti, lakini ya pili ni ngumu kwa karibu asilimia 38 zaidi. Ya milimita 14 inakaribia kuwa ngumu mara mbili ya ile ya kwanza. Katika mabapa unene huzidishwa mara tatu: bapa la milimita 7 ni gumu kwa karibu asilimia 59 kuliko la milimita 6. Ndiyo maana fundi anayechomeka bapa moja nene la gari kubwa katika fungu la mabapa ya Samurai, akidhani ameongeza kidogo, amelifanya gari kuwa mkokoteni.

Kupima kwa madumu

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua mahali tambarare, penye sakafu au ardhi iliyoshindiliwa. Tangi liwe limejaa mafuta, tairi ziwe na upepo sawa, na gari liwe tupu. Likamate gari kwa nyuma, ulibonyeze na kuliachia mara mbili tatu ili bushi zisilizuie, kisha pima kutoka katikati ya kifuniko cha gurudumu la nyuma kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Andika kipimo cha kulia na cha kushoto.

Kama pande mbili zimetafautiana kwa zaidi ya sentimita moja, simama hapo kwanza. Fundi mmoja wa Mlandizi, kijana mwenye subira, alimwonyesha mzee mwenye Escudo kwa nini upande wake wa kushoto ulikuwa chini.

"Shikamoo mzee. Njoo utazame huku chini, tafadhali."

"Marahaba, mwanangu. Naona tope tu."

"Hilo tope ndilo linaloficha." Akalikwangua kwa bisibisi ndani ya kikombe cha chini ambamo koili hukalia, na kipande cha chuma chenye kutu, kirefu kiasi cha kidole, kikamwangukia kiganjani; ncha ya koili ilikuwa imekatika zamani, na springi ikawa inasimama juu ya jeraha lake. "Huyu hakulala kwa mzigo, mzee. Amevunjika mguu."

Kuvunjika kwa namna hii ni jambo la kawaida, hasa panapotuama tope na maji, na hakuna hesabu ya ugumu itakayofaa kabla ya springi iliyokatika kutolewa. Kadhalika kama pande zote mbili ziko chini kwa usawa, tafuta gari jingine la aina ileile lililo zima, au kitabu cha gari, ulinganishe kimo. Likiwa limeshuka sentimita tatu au nne likiwa tupu, springi zimechoka, na pengine springi mpya za asili, zisizo ngumu zaidi, zitatosha.

Ikiwa gari tupu limesimama vizuri, endelea. Jaza maji madumu manane ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito wa dumu lenyewe ni mdogo. Tuhesabu kilo 160 kwa wepesi. Yapange juu ya ekseli ya nyuma, nusu kulia na nusu kushoto. Tikisa gari tena, upime. Tuseme kimo kilikuwa sentimita 46 na sasa ni 42. Kilo 160 zimeshusha sentimita 4. Basi springi mbili kwa pamoja zina ugumu wa kilo 40 kwa sentimita, na kila moja kilo 20. Hesabu hii imetimia bila mashine yoyote, na inazidi kwa thamani maneno ya wauzaji kumi. (Kwa RAV4, na kwa Escudo iliyotoka kuanzia mwaka 2005, ambazo kila gurudumu la nyuma hujitegemea, springi hukaa ndani kuliko gurudumu, kwa hiyo springi yenyewe ni ngumu kuliko kipimo hiki, lakini kwa kulinganisha ya zamani na mpya kipimo hufaa vilevile.)

Kisha yatoe madumu, uupakie mzigo wako wa kila siku. Si mzigo wa harusi, wala wa msimu wa korosho, bali ule ambao ungekutwa nao Jumanne yoyote. Upime kimo. Ukitaka kuujua uzito wake, zidisha sentimita zilizoshuka kwa ugumu wa springi mbili ulioupata: likishuka sentimita 3, ekseli imeongezewa kilo 120.

Hapa kuna siri moja ya mahali. Baina ya ekseli mbili za Jimny kuna sentimita 225. Mzigo wa kilo 100 ukiwekwa sentimita 45 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi kilo 100, hubeba 120, kwa sababu mzigo unapolemea nyuma huinyanyua pua na kuzipunguzia tairi za mbele kilo 20. Mwenye gari analiona jambo hili usiku, taa zinapomulika matawi ya miembe badala ya njia, na analihisi kwenye usukani unaokuwa mwepesi kupita kiasi mchangani. Kabla hujanunua chochote, sogeza magunia mazito yaegemee mgongo wa kiti na vitu vyepesi vikae mlangoni, kisha upime tena. Wapo ambao safari yao ya kutafuta springi huishia hapo.

Ngumu au ndefu?

Tuchukue gari letu la mfano. Tuseme uzito wa bodi unaokalia springi za nyuma gari likiwa tupu ni kilo 400, yaani 200 kwa kila upande. Kwa ugumu wa kilo 20, springi imebonyea sentimita 10. Ukiweka springi yenye urefu uleule lakini ugumu wa kilo 25, robo moja zaidi, itabonyea sentimita 8: gari tupu limepanda sentimita 2. Pakia zile kilo 160. Ya zamani ilishuka sentimita 4, mpya itashuka 3.2. Kwa jumla gari lenye mzigo litasimama sentimita 2.8 juu ya pale liliposimama zamani, na katika hizo ni milimita 8 tu zinazotokana na kuupinga mzigo wenyewe. Zilizobaki umezipata kwa kuwa gari tupu limepandishwa.

Mwenye kuielewa hesabu hii amekwisha kupona udanganyifu mwingi. Mtu ambaye mzigo wake haubadiliki, kwa mfano aliyefunga tangi la maji nyuma na halitoi, hahitaji springi ngumu sana. Anahitaji springi ndefu kidogo yenye ugumu unaokaribia wa zamani, na gari litabaki laini. Ambaye gari lake ni zito kila siku, asubuhi na jioni, ndiye anayefaa ugumu zaidi, kwa robo au hata kwa theluthi, pamoja na shokapu mpya zenye nguvu ya kuikamata springi hiyo inaporudi. Maana springi mpya ngumu juu ya shokapu mzee ni gari linalodunda njia nzima, na katika njia yenye mawimbi ya changarawe magurudumu yake hayagusi ardhi nusu ya wakati.

Na huyu wa tatu, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye gari wa Mzenga hasa, anayekwenda peke yake Jumatatu na kurudi na kilo 250 Jumapili? Kwake springi moja haiwezi kuwa ya haki kwa siku zote mbili. Ziko koili ambazo mizunguko yake imekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Ile iliyokaribiana hugusana mapema na kunyamaza, na iliyobaki, kwa kuwa ni michache, huwa migumu zaidi kadiri mzigo unavyoongezeka. Mabehewa mengi ya mizigo ya reli hutatua jambo hilohilo kwa koili ndogo ndani ya koili kubwa, ndogo ikingoja mpaka behewa lijazwe. Katika magari madogo iko njia nyingine, ya mfuko wa mpira wenye upepo unaoingizwa ndani ya koili na kujazwa kwa pampu siku ya mzigo, kisha kupunguzwa. Mimi ningemshauri huyu aanze na springi mpya za asili na mifuko hiyo, kabla ya kujifungia ugumu wa kudumu kwa ajili ya siku moja katika saba. Ila mfuko usitiwe upepo kupita kiasi kilichoandikwa, na utazamwe usisuguane na ncha kali ya koili.

Hila za gereji

Umaskini wa mfuko huzaa hila, na si zote ni mbaya, lakini nyingi ni ghali mwishowe. Ya kwanza ni kubana vipande vya mpira, mara nyingine vya tairi kuukuu, katikati ya mizunguko ya koili. Gari hupanda, ni kweli. Lakini koili ya mizunguko minane iliyobanwa miwili imebakiwa na sita inayofanya kazi; ugumu umepanda kwa theluthi, na kazi ya minane imebebeshwa sita, ambayo huvunjika pale pale mpira unapoishia.

Ya pili ni kukata mzunguko mmoja ili gari lishuke, jambo wanalolipenda vijana wa mjini. Huku shamba halina maana. Ya tatu ni kuichoma springi kwa moto wa gesi. Sulubu ya springi ilipatikana kiwandani kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo. Moto wa gereji huiondoa sulubu hiyo kwa dakika chache, na hakuna nyundo itakayoirudisha. Mabapa yaliyolala yanaweza kupigwa upya yarudi mgongo wake, na mafundi wazuri huyapiga baridi, kidogo kidogo, kwa urefu wote. Lakini mara nyingi hulala tena baada ya msimu mmoja au miwili.

Kuongeza bapa, kinyume cha hayo, ni kazi halali, ikiwa bapa ni la unene uleule, lina mgongo unaofuata wenzake, na linakaa chini ya fungu likiwa fupi kuliko la juu yake. Ikiwa gari ni Land Rover la zamani, kumbuka kwamba springi za upande wa dereva na wa pili hazikuwa sawa tangu kiwandani. Ukizibadilishana gari litainama bila kosa la mtu.

Mipaka ya springi

Springi ngumu hailifanyi gari kuwa na nguvu zaidi. Jimny mpya iliyotoka mwaka 2018, katika toleo lililouzwa Ulaya, ina uzito wa juu ulioruhusiwa wa kilo 1,435, na yenyewe tupu ina zaidi ya kilo 1,100; basi kilichobaki, dereva akiwamo, ni takriban kilo 300. Watu wazima wanne wamekwisha kuzimaliza kabla gunia halijaingia. Funga springi za tembo: chesisi, beringi, ekseli na breki ni zilezile, na tafauti pekee ni kwamba sasa gari haliinami kukuonya.

Kupandisha gari nako kuna bei yake. Sentimita mbili au tatu hazina neno. Tano au saba huibadilisha pembe ya propela, huvuta bomba la breki, na katika magari ambayo ekseli hushikwa kwa fimbo moja ya kukingama, kama Jimny, huisogeza ekseli upande. Na gari fupi, jembamba, lililopandishwa huwa rahisi kupinduka. Mwaka 1988 jarida la Marekani la *Consumer Reports* liliitangaza Samurai kuwa haikubaliki kwa sababu hiyo. Suzuki ikakana, ikafungua mashtaka mwaka 1996, na pande mbili zikapatana mwaka 2004. Sihukumu baina yao, lakini sijaona mtu aliyelipandisha gari fupi kisha akaikata kona ya changarawe kwa mwendo wa zamani bila kujuta.

Dukani na chini ya gari

Ukienda Gerezani au Ilala kutafuta springi, jina la gari halitoshi. Escudo ya milango mitatu ya kwanza ni TA01W, ya milango mitano ni TD01W, na zilizofuata zina namba nyingine. Springi zake si moja. Nenda na haya:

- namba ya aina, kutoka kwenye kibati cha gari;
- vimo vyako vitatu: gari tupu, gari na madumu, gari na mzigo wa kila siku;
- unene wa waya wa springi ya zamani, uliopimwa kwa kalipa mahali palipokwanguliwa kutu na rangi;
- idadi ya mizunguko, na upana wa duara;
- springi yenyewe, ikiwezekana.

Za mtumba si haramu, ila nunua mbili zilizotoka gari moja, zisimamishe sakafuni pamoja ulinganishe vimo, na upitishe ukucha katika mzunguko wa chini kutafuta ufa. Alama za rangi zilizopakwa kiwandani zikiwa bado zinaonekana, ziwe sawa kwa zote mbili. Iliyopakwa rangi mpya inayong'aa juu ya kutu iache hapo hapo.

Katika kufunga, gari linyanyuliwe kwa chesisi na kukalishwa juu ya stendi madhubuti, si mawe wala matofali. Shokapu zifunguliwe chini, na ekseli ishushwe taratibu kwa jeki huku mtu akilitazama bomba la breki lisining'inie kwa uzito wa ekseli. Koili ikae kikombeni mwake na ncha yake ifike kwenye kizuizi. Nati za bushi za mikono zisikazwe gari likiwa juu. Zikazwe likiwa limeshuka na kusimama kwa uzito wake, kwa sababu bushi iliyokazwa ikining'inia hubaki imesokotwa maisha yake yote, na huchanika mapema. Baada ya wiki chache za njia mbaya springi mpya hukaa, pengine kwa nusu sentimita au zaidi; pima tena kwa madumu yaleyale, kaza yubolti kama ni za mabapa, na umwambie fundi azielekeze taa upya, gari likiwa na mzigo wake wa Jumanne.